Nusura Tuitwe Windsorland

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, maofisa wa Wizara ya Makoloni jijini London walibaki na kazi isiyohitaji bunduki: kuitafutia jina nchi waliyoinyang'anya Ujerumani. Isingewezekana kuendelea kuiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mapendekezo yakaletwa. Mojawapo lilikuwa Smutsland, kumuenzi Jenerali Jan Smuts aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likaonekana halipendezi. Likaja Eburnea. Likaja New Maryland. Likaja Victoria, kwa sababu ya ziwa. Na likaja Windsorland, jina la ukoo wa kifalme wa Uingereza, ukoo ambao wenyewe ulianza kujiita Windsor mwaka 1917 tu, baada ya kuona haya kubeba jina la Kijerumani huku nchi yao inapigana na Wajerumani.

Waziri wa Makoloni akashikilia kwamba litafutwe jina la kienyeji, linalojulikana kuwa la nchi hiyo. Kilimanjaro likatajwa, na Tabora pia. Mwishowe wakakubaliana Tanganyika, na mwaka 1920 likawa jina rasmi.

Mimi nilizaliwa baada ya Muungano, kwa hiyo Tanganyika kwangu ni jina la enzi za wazazi. Hata hivyo, tangu niijue habari hii haijanitoka kichwani. Tarehe 7 Julai 1954, Julius Nyerere na wenzake walipounda chama pale Dar es Salaam, neno la kwanza katika jina la chama hicho lilikuwa Tanganyika. Watu walilibeba kwenye kadi zao na kwenye nyimbo. Mzee wa kijijini ambaye hakuwahi kuona bahari aliweza kulitamka na kulidai, maana halikuwa la ukoo wa mtu yeyote. Siamini kwamba wangeweza kudai kwa moyo ule ule uhuru wa Windsorland. Na herufi tatu za mwanzo za nchi tunayoishi leo zilipona kwenye meza ile ile ya London.

Zilipona kwa bahati, tena bahati iliyoanzia Ujiji. Mwezi Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walifika kwenye ziwa ambalo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wakilivuka miaka mingi. Walilikuta lina jina, wakaliandika kama walivyolisikia. Miezi michache baadaye, katika safari ile ile, ziwa jingine halikupata heshima hiyo.

Burton alikuwa mgonjwa, amebaki Kazeh, karibu na ilipo Tabora ya leo. Pale Kazeh mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, alikwishawaeleza kuwa kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika, na Waarabu walikuwa wakiliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa chake. Speke akaondoka na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishia India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Tarehe 3 Agosti 1858 wakayaona maji yale kutoka kwenye kilima cha Mwanza. Mwanza ndiko nilikokulia, na vilima vile vya mawe navijua. Kutoka pale huoni ziwa lote. Unaona ghuba, visiwa, na maji yanayopotelea mbali. Speke alikaa siku chache, akauliza maswali, akageuza safari. Hakulizunguka. Hakujua lina umbo gani wala linaishia wapi. Lakini alirudi Kazeh na mambo mawili tayari kichwani: kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia, na kwamba ziwa hilo litaitwa Victoria.

Burton hakukubaliana naye kuhusu Nile, na ugomvi wao ukawa mkubwa hadi Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka 1864. Naamini jina la malkia lilikuwa sehemu ya ugomvi huo. Mtu mwenye ushahidi mchache alihitaji kitu cha kuushikilia ugunduzi wake, na jina la mtawala wa nchi lilifaa kuliko hoja. Nani angesimama mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia aseme ziwa la Malkia Victoria si kitu? Speke aliendelea na mtindo huo. Aliporudi mwaka 1862 na kufika mahali maji yanapotoka ziwani, maporomoko yakawa Ripon, kwa heshima ya bwana aliyekuwa rais wa jumuiya hiyo safari ilipoandaliwa. Mkono wa ziwa unaoelekea hapo akauita Napoleon, kwa kuwa Jumuiya ya Jiografia ya Ufaransa ilikuwa imemtunuku nishani ya dhahabu, na Ufaransa wakati huo ilikuwa chini ya Napoleon wa Tatu. Ukifuatilia majina yale kwenye ramani ni kama unasoma daftari la madeni: huyu alitoa pesa, huyu alitoa nishani, huyu ndiye atakayeombwa safari ijayo.

Bombay alipewa nishani ya fedha na mwaka 1876 akapewa pensheni. Sijawahi kuona ghuba wala kilima kilichoitwa kwa jina lake, ingawa miguu yake ilitembea kila hatua ya safari zile.

Sasa nifike Bunyoro, ufalme wa magharibi mwa Uganda ya leo, maana huko ndiko habari hii inakonichoma.

Mwaka 1864, Samuel Baker na mkewe Florence walifika katika milki ya Omukama, yaani mfalme, Kamurasi. Walikaa wakisubiri ruhusa yake, wakaumwa, wakapungukiwa na karibu kila kitu. Ruhusa ilipopatikana wakaelekea magharibi, na tarehe 14 Machi 1864 wakasimama juu ya ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige. Baker akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyekuwa amefariki Desemba 1861. Aliandika kuwa anataka liwe kumbukumbu isiyofutika ya mtu ambaye malkia alimpenda na bado alikuwa akimlilia. Kisha akafunga hesabu: Victoria na Albert ndizo chemchemi mbili za Nile. Mke na mume wakakabidhiwa mto mrefu kuliko yote barani, na wenye nchi walikuwa wamewapa wageni ruhusa ya kwenda kutazama maji tu.

Mwana wa Kamurasi aliitwa Kabalega. Alikuwa Omukama Baker aliporudi mwaka 1872, safari hii akiwa na askari na cheo kutoka kwa mtawala wa Misri. Pale Masindi Baker alitangaza kuwa Bunyoro ni mali ya Misri. Wiki chache baadaye kukawa na vita, na Baker akalazimika kuchoma vitu vyake na kukimbia. Kabalega alidumu. Waingereza walipokuja wenyewe katika miaka ya 1890 aliwapiga kwa vita vya porini kwa miaka kadhaa, akihama, akivuka Nile, akijificha, akirudi. Walimkamata tarehe 9 Aprili 1899, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye zamani alikuwa adui yake na sasa amekuwa mwenzake wa msituni. Mkono wake uliojeruhiwa kwa risasi ukakatwa. Akapelekwa pwani, na hatimaye Shelisheli.

Mji mkuu wa Shelisheli unaitwa Victoria. Ulipewa jina hilo mwaka 1841, mwaka mmoja baada ya malkia kuolewa na Albert.

Yaani mtu huyu alitolewa kwenye nchi ambayo ziwa lake limeitwa kwa jina la mume, akaenda kufungwa kwenye kisiwa ambacho mji wake una jina la mke. Hakuwa peke yake. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Prempeh, mfalme wa Asante, aliletwa kutoka Ghana ya leo. Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya Asante mwaka 1900, aliletwa pia na akafia huko. Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Unguja mwezi Agosti 1896 mpaka meli za Waingereza zikampiga mizinga, naye alikamatwa wakati wa Vita Kuu akapitishwa huko huko. Mji mdogo wenye jina la malkia ukawa mahali pa kuwaweka wafalme wa Afrika waliokataa kuinama.

Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee. Hakufika Bunyoro. Alifia Jinja tarehe 6 Aprili 1923, mji ulio mahali ambapo Nile inatoka kwenye Ziwa Victoria. Mwili wake ndio uliofika nyumbani.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza vijana kwa nini majina haya si jambo dogo, na kila mara naishia kwa Kabalega. Kumwita mtu mfalme maana yake ni kukubali kwamba ardhi inamjua. Majina ya ramani yalikwishaamua, tangu mwaka 1864, kwamba ardhi ile inamjua Albert. Vita vilikuja baadaye kukamilisha kilichoandikwa.

Henry Morton Stanley aliongezea watu wa nyumba ile ile. Mwezi Januari 1876 alifika kwenye maji akadhani ni mkono wa Ziwa Albert, akaupa jina la Beatrice, binti mdogo wa Victoria. Hilo limefutika, maji yale leo ni Ziwa George, jina la mjukuu aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano. Mwaka 1889 Stanley akalipa ziwa la jirani jina la Albert Edward, mwana mkubwa wa malkia, likafupishwa baadaye kuwa Edward. Mama, baba, mwana na mjukuu wote wamekaa kwenye maji ya Uganda na majirani zake. Hakuna hata mmoja wao aliyeyaona maji hayo kabla ya jina lake kuwekwa.

Ukoo wa Austria nao haukuachwa nyuma. Tarehe 6 Machi 1888, Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa la chumvichumvi kaskazini mwa Kenya, katika nchi kame ya Waturkana, Wasamburu na Waelmolo. Wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria aliyeisaidia safari yao. Ziwa dogo la kaskazini yake, ndani ya Ethiopia, likaitwa Stefanie, mkewe Rudolf. Stefanie alikuwa binti wa Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yule aliyeigeuza Kongo kuwa shamba lake binafsi. Tarehe 30 Januari 1889, hata mwaka haujatimia tangu jina lake lifike kwenye maji yale, Rudolf alijiua pale Mayerling. Ziwa likaendelea kuitwa kwa jina lake kwa zaidi ya miaka themanini, hadi Mzee Kenyatta alipolibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Lile la Ethiopia leo ni Chew Bahir.

Kwetu huku, Wajerumani walipanda juu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na Meyer akakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Akabeba jiwe kutoka pale juu, akampelekea Kaisari, na likawekwa ukutani katika jumba lake la Potsdam. Kuna hadithi ambayo bado inasimuliwa na baadhi ya waongozaji wa watalii, kwamba Victoria alimzawadia Wilhelm mlima huu siku yake ya kuzaliwa. Si kweli. Wilhelm alikuwa mjukuu wake, ndiyo, mtoto wa binti yake mkubwa, lakini mpaka ule ulichorwa kwenye mazungumzo ya serikali mbili mwaka 1886 na kukamilishwa 1890. Naona hadithi hiyo ina madhara yake. Inaufanya mgawanyo wa nchi zetu uonekane kama mambo ya bibi na mjukuu, wakati yalikuwa mambo ya makampuni, bandari na mizinga.

Wachaga, ambao mlima ule uko uani kwao, hawakusubiri Kaisari ili wajue kilele kiko wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama pale na bendera na mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru, mita 5,895. Hili ndilo badiliko ninalolipenda kuliko yote. Hatukumtoa Kaisari tukamweka kiongozi wetu mahali pake. Ingekuwa rahisi sana. Watu walimpenda Nyerere, na hakuna ambaye angepinga. Badala yake likawekwa neno ambalo kila mtu alikuwa akilipigania.

Kaisari huyo alikuwa pia na mji wake Usambara. Lushoto ya leo iliitwa Wilhelmstal, kituo cha utawala kwenye baridi ya milima, chenye bustani na nyumba za mawe walizozijenga kwa kukumbuka kwao. Nimewahi kukaa Lushoto msimu wa mvua, nikazungumza na wazee wa Kisambaa sokoni, na hakuna aliyelitumia jina lile isipokuwa nilipolitaja mimi. Mji uliponyang'anywa Wajerumani, Wilhelm aliondoka nao.

Wabelgiji walikuwa na pupa zaidi. Leopoldville mwaka 1881. Albertville kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, leo Kalemie, kwa jina la mwanamfalme aliyekuja kuwa Albert wa Kwanza. Baudouinville, leo Moba, kwa jina la kaka yake aliyefariki mwaka 1891 akiwa kijana. Elisabethville mwaka 1910, kwa jina la mke wa Albert. Ziwa Leopold wa Pili, leo Mai-Ndombe. Na Rwanda wakaweka Astrida, kwa ajili ya Malkia Astrid aliyekufa kwa ajali ya gari nchini Uswisi mwaka 1935. Wanyarwanda wazee waliosoma shule kubwa ya pale bado wanaitwa watu wa Astrida, ingawa mji ulibadilika kuwa Butare na sasa ni Huye. Leopold mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wake, na jiji lao likawa linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ikayafuta mengi ya majina haya: Leopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi.

Haya yetu yalikuwa ya mwisho mwisho katika mazoea ya karne nyingi. Ufilipino ulipata jina mwaka 1543 kutoka kwa Philip, wakati huo bado mwanamfalme wa Hispania. Wafaransa waliliita Louisiana bonde zima la Mississippi mwaka 1682 kwa jina la Louis wa Kumi na Nne. Waingereza wana Virginia, Georgia, Carolina, na Maryland ya mke wa Charles wa Kwanza, ile ambayo wale maofisa wa London walitaka kuizalisha upya kwetu. Wana Victoria na Queensland kule Australia. Waholanzi walikiita kisiwa cha Morisi kwa jina la Maurits wa Nassau mwaka 1598. Na jirani yake Morisi, kisiwa cha Réunion, kinaonyesha vizuri majina haya yalivyokuwa chapa ya mwenye nacho: kilikuwa Bourbon, kwa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, mapinduzi yakakifanya Réunion mwaka 1793, kikawa Bonaparte mwaka 1806, Waingereza walipokiteka mwaka 1810 kikawa Bourbon tena, na mwaka 1848, wafalme walipoondoka, kikawa Réunion mpaka leo. Ardhi ile ile, watu wale wale, watumwa wale wale mashambani hadi utumwa ulipofutwa mwaka huo huo wa 1848.

Kwenye miji yetu kazi ya kufuta ilikwenda haraka baada ya Uhuru. Nairobi, barabara ya Binti Mfalme Elizabeth ikawa Uhuru Highway, na mtaa wa Victoria ukawa wa Tom Mboya. Shule ya Duke of York ikawa Lenana, jina la laiboni, kiongozi wa kiroho wa Kimaasai, na naona uamuzi huo ulikuwa na fikra ndani yake: cheo cha heshima cha ukoo wa kigeni kilipokewa na kiongozi wa watu waliohamishwa kutoka kwenye malisho yao. Dar es Salaam, hospitali ya Princess Margaret iliyofunguliwa mwaka 1956 ikawa Muhimbili. Unguja, shule ya King George wa Sita ikawa Lumumba. Ni mtu huyo huyo aliyesimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, tarehe 30 Juni 1960, akayataja mateso ya Wakongo huku mfalme akisikiliza.

Lakini kubadilisha si kupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Idi Amin na Mobutu walikaa pamoja, wakayaangalia maziwa mawili yaliyo mpakani mwao, wakaona aibu ya kuitwa Albert na Edward. Aibu hiyo ilikuwa ya haki. Kisha wakafanya nini? Albert likawa Ziwa Mobutu Sese Seko, na Edward likawa Ziwa Idi Amin. Mwitanzige, jina ambalo Wanyoro hawakuacha kulitumia, halikupewa nafasi. Uganda kulikuwa na uamuzi mmoja mwema wakati huo, maporomoko ya Murchison kuitwa Kabalega, lakini hata huo ulizama pamoja na Amin. Majeshi yetu yalipomwondoa mwaka 1979, Edward alirudi kwenye ziwa lake. Albert naye karudi kwenye ramani. Hasira yangu kwa hili ni kubwa kuliko kwa Baker, kwa sababu Baker hakuwahi kudai kwamba anawakomboa Wanyoro. Wale wawili waliharibu hoja nzuri. Mpaka leo ukitaja kubadilisha jina la ziwa, mtu atakukumbusha Amin, na mjadala unafia hapo.

Ukitazama kilichobaki na kilichoondoka utaona mpangilio. Miji, barabara, shule na hospitali zimebadilika, kwa sababu kila nchi ilikuwa na mamlaka juu ya vyake. Turkana lilibadilika kwa kuwa karibu lote liko Kenya. Kilele cha Kibo kiko ndani ya Tanzania. Mengi ya yaliyobaki na wafalme ni maji na milima iliyo mipakani. Kule Rwenzori, Duke wa Abruzzi wa ukoo wa kifalme wa Italia alipanda mwaka 1906, akagawa vilele kama mtu anayepiga chapa ng'ombe: Margherita, mita 5,109, kwa malkia wa Italia, Alexandra kwa malkia wa Uingereza, Vittorio Emanuele, Umberto, Iolanda, Edward. Wakonzo waliowabebea mizigo, na ambao mungu wao Kitasamba anakaa kwenye theluji ile, hawana kilele. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita hapo, na Margherita bado ni Margherita.

Na ziwa letu liko mikononi mwa nchi tatu, karibu nusu Tanzania, sehemu iliyopungua kidogo Uganda, na asilimia 6 hivi Kenya. Hakuna moja inayoweza kulibadilisha peke yake. Hata kamisheni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake Kisumu, iliyoundwa ili kulitunza, imebeba jina la Victoria. Meli tuliyokuwa tukipanda Mwanza kwenda Bukoba, ile ya tangu miaka ya 1960, ilipokarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Walilibadilisha jina lake na bado wakamwacha malkia ndani.

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba tutachagua lipi. Waganda wana Nalubaale. Wajaluo wana Lolwe. Wasukuma na Wahaya wana Nyanza kwa matamshi yao. Ukichukua moja umewaudhi wengine. Nimeifikiria sana hoja hiyo, na nadhani inachukulia jambo moja kama lazima wakati si lazima: kwamba ziwa kubwa namna ile liwe na jina moja. Halikuwahi kuwa nalo. Mvuvi wa Ukara na mvuvi wa Rusinga walikutana katikati ya maji wakaelewana bila kukubaliana jina, na Waarabu wa Kazeh wakaongeza la kwao, na biashara ikaendelea. Aliyehitaji jina moja alikuwa mchora ramani wa London, kwa sababu alikuwa na nafasi ya neno moja.

Mwaka 1989 maporomoko ya Zambezi yaliingizwa kwenye urithi wa dunia kwa majina mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria, na hakuna mtalii aliyepotea. Mimi ningeanzia hapo hapo, na ningeanzia shuleni. Ramani ya ukutani ya darasa la nne, kule Mwanza, Kisumu na Entebbe, iandike Nyanza kusini, Lolwe mashariki, Nalubaale kaskazini, kila jina kwenye maji ya watu wake, na Victoria liandikwe kwa herufi ndogo kwenye mabano, pamoja na mwaka 1858. Kule Hoima, iandike Mwitanzige. Gharama yake ni wino, na kibali cha wizara tatu za elimu ambazo mawaziri wao hukutana Arusha mara kwa mara kwa mambo yasiyo na uzito kama huu.